Nairobi na Mstari wa Ikweta: Mbona Jiji Lina Baridi?

Mtu apitaye Dagoretti Corner alfajiri katika mwezi wa Julai huona watoto waendao shule wamevaa sweta nzito, na wengine kofia za sufu zilizofunika masikio. Mama auzaye chai kando ya Barabara ya Ngong amejitanda shuka mbili, na wale wangojao matatu wapuliza viganja vyao. Ukungu umelala juu ya paa za Kawangware, na pengine jua halitaonekana mpaka adhuhuri, au halitaonekana kabisa siku hiyo. Hapo hapo Dagoretti ziko ofisi kuu za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na vipimo vyake katika mwezi huo aghalabu huonyesha kwamba joto la usiku limeshuka hata digrii 12 au chini yake. Na hali kila mtoto katika wale waliovaa sweta amefundishwa darasani kwamba Ikweta hupita katika nchi yake.

Basi swali huulizwa mara nyingi: ikiwa Kenya iko katikati ya dunia, mbona Nairobi kuna baridi? Jawabu lake si gumu, lakini halipatikani kwa kutazama ramani peke yake. Watu wa elimu kubwa walikwisha kukosea katika jambo hili hili, kama itakavyoelezwa, na hata leo wako wanaoumia kwa kutolijua.

Kwanza yafaa kujua Ikweta yenyewe ni kitu gani. Si ukuta wala si mfereji, wala mtu aivukaye hasikii chochote mwilini. Chukua chungwa. Mahali pa kikonyo pawe Ncha ya Kaskazini, na upande wa pili pawe Ncha ya Kusini. Lizungushie uzi katikati sawasawa, hata nusu ya juu na nusu ya chini ziwe sawa. Uzi huo ndio Ikweta. Katika dunia urefu wake ni kilomita 40,075, yaani yapata maili 24,900. Toka kwenye mstari huo mpaka kila ncha ya dunia wataalamu wamehesabu digrii 90, na kila digrii moja ni kama kilomita 111, au maili 69. Digrii hugawanywa katika dakika 60, ambazo si dakika za saa bali ni vipande vya masafa.

Katikati ya jiji la Nairobi pako digrii 1 na dakika 17 kusini ya Ikweta. Kwa hesabu hiyo, toka Nairobi mpaka mstari wenyewe ni kama kilomita 142, au maili 88, kwa njia iliyonyooka. Wengi hudhani kwamba Nairobi iko juu ya mstari, na wengine kwamba iko upande wa kaskazini. La, iko kusini, pamoja na Mombasa, Kigali na Dar es Salaam. Kampala iko kaskazini kidogo. Kisumu iko kusini kwa dakika chache tu, na Eldoret imevuka upande wa pili. Aondokaye Kencom akaenda Westlands, Kangemi au Karen hajabadili kitu katika hesabu hii, kwani magharibi yote ya jiji imo katika digrii ile ile moja na robo hivi. Ila amepanda mlima kidogo, na jambo hilo msomaji na alikumbuke, maana litarudi.

Katika Kenya mstari huu waingia kutoka Ziwa Victoria, wapita Maseno, wapanda milima ya Timboroa ambako reli ya kwenda Uganda hufika zaidi ya futi 9,000 juu ya usawa wa bahari, kisha washuka katika Bonde la Ufa na kupanda tena mpaka Nanyuki. Toka hapo wapita ubavu wa kaskazini wa Mlima Kenya na karibu na mji wa Meru, halafu nchi kavu ya mashariki mpaka Somalia, na huko wakutana na Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Kismayo.

Ukiufuata ulimwenguni kote, nchi ambazo ardhi yake hupitiwa na mstari huu ni 11 tu. Saba ni za Afrika: São Tomé na Príncipe, Gabon, Kongo ya Brazzaville, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda, Kenya na Somalia. Tatu ni za Amerika ya Kusini, nazo ni Ekwado, Kolombia na Brazil. Moja ni Indonesia, katika visiwa vya Asia. Jambo la kuchekesha ni kwamba nchi iitwayo Guinea ya Ikweta haimo katika orodha hiyo. Sehemu yake iliyo barani na kisiwa penye mji wa Malabo ziko kaskazini, na kisiwa chake kidogo cha Annobón kiko kusini, na mstari wapita baharini katikati yake bila kugusa ardhi.

Ama mabara, Ulaya na Amerika ya Kaskazini ziko kaskazini kabisa. Bara la Asia vile vile liko kaskazini, isipokuwa visiwa vya Indonesia na vinginevyo vilivyovuka mstari. Australia iko kusini kabisa, na sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini pia. Afrika ndiyo iliyokatwa karibu na kiuno chake: hufika digrii 37 kaskazini huko Tunisia, na digrii karibu 35 kusini katika Rasi ya Agulhas. Lakini kwa kuwa Afrika ya kaskazini ni pana kuliko ya kusini, sehemu kubwa ya ardhi yake, yapata theluthi mbili, iko upande wa kaskazini. Katika ramani nyingi za ukutani jambo hili halionekani vizuri. Ramani iliyochorwa kwa namna aliyoibuni Mercator mwaka 1569, kwa faida ya mabaharia, hunyoosha nchi kadiri zilivyo mbali na Ikweta. Ndiyo maana Greenland huonekana kama yakaribia kulingana na Afrika, na kumbe Afrika ni kubwa kuliko Greenland yapata mara 14.

Turudi kwenye baridi. Tazama mji wa Singapore, ulio Asia. Nairobi iko digrii 1 na dakika 17 kusini. Singapore iko digrii 1 na dakika 17 kaskazini. Miji hii miwili yatazamana kama watu wawili waliosimama pande mbili za barabara, kila mmoja kwa hatua zile zile. Lakini Singapore ni mji wa joto na jasho mwaka mzima, hata usiku wake wa manane ni kama digrii 24 au 25. Mwenyeji wake akija Nairobi mwezi wa Julai bila koti atajuta. Tofauti yao haitoki kwenye mstari. Singapore iko usawa wa bahari. Stesheni ya reli ya Nairobi, ambayo jiji lilianza kando yake mwaka 1899, iko mita 1,660 hivi juu ya bahari, na Dagoretti yakaribia mita 1,800. Hewa kadiri ipandavyo hupoa, na kwa kawaida kila mita 1,000 hupunguza joto kama digrii sita au sita na nusu. Ndiyo sababu Mombasa, ambayo iko mbali zaidi na Ikweta kuliko Nairobi, ina joto zaidi. Na ndiyo sababu mtu wa Dagoretti huvaa sweta kabla ya mtu wa Industrial Area. Katika Juni mpaka Agosti huongezwa mambo mengine: jua limehamia kaskazini, upepo wa kusi waleta hewa baridi, na mawingu mazito hukaa juu ya nyanda za juu mchana kutwa.

Sasa habari ya wale wenye elimu waliokosea. Mwezi wa Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro na weupe ulio kileleni, akaandika kwamba ni theluji. Mwaka uliofuata mwenziwe, Ludwig Krapf, alikuwa Ukambani akikaribishwa na Kivoi, kiongozi na mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba. Kivoi alikwisha kusafiri mbali, naye alimweleza mgeni wake habari za mlima mkubwa ulio na kitu cheupe juu yake. Tarehe 3 Desemba 1849, mawingu yalipofunguka kwa muda mfupi, Krapf aliuona kwa macho yake kutoka upande wa Kitui. Habari zilipofika London, bingwa wa jiografia aliyeitwa William Desborough Cooley alizikataa. Yeye hakuwa amefika nchi hizi. Alikuwa na ramani na vitabu, na kwake haikuwezekana theluji ikae chini ya jua la Ikweta. Ubishi huo uliendelea miaka mingi, mpaka wasafiri wengine walipoupanda Kilimanjaro kiasi mwaka 1861 na 1862 wakaushuhudia, na Joseph Thomson akaufikia ujirani wa Mlima Kenya mwaka 1883. Hali Wakamba, Wakikuyu, Wameru na Wachaga walikuwa wameitazama milima hiyo vizazi na vizazi. Kilele cha Mlima Kenya, Batian, chenye mita 5,199, kiko karibu sana na mstari, na barafu yake ilikuwako ingawa katika miaka mia iliyopita imeyeyuka kwa wingi, na iliyosalia ni kidogo.

Kosa la Cooley lilikuwa kudhani kwamba mstari huamua joto. Liko na kosa la pili, lililo kinyume cha hilo, nalo ndilo lidhurulo watu mpaka leo: kudhani kwamba mahali penye baridi jua halina nguvu. Hapa sharti kutenganisha joto la hewa na miale ya jua. Nairobi hewa ni baridi kwa sababu ya kimo, lakini jua lake ni jua la utosini kweli kweli, wala haliendi mbali na utosi mwaka mzima. Miale yake ile isiyoonekana, iunguzayo ngozi na kudhuru macho, hupita katika hewa kidogo kuliko ile ya pwani, kwa kuwa jiji liko juu. Mawingu mepesi hayaizuii yote. Basi mtu aweza kusikia baridi na huku ngozi yake inaungua.

Zamani Wazungu wa Nairobi walilihofu jua hili kupita kiasi. Walivaa helmeti nzito, na wengine walishona kitambaa chekundu cha flaneli mgongoni mwa shati, wakiamini kwamba miale ya Ikweta huharibu uti wa mgongo na ubongo. Baadaye ilionekana kwamba hofu hiyo haina msingi, na vitambaa vikatupwa. Lakini wako watu ambao kwao hatari ni ya kweli, nao ni watu wenye ualbino. Ngozi yao haina rangi ya kutosha ya kuwakinga, na wengi wao katika Afrika ya Mashariki hupata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Mtoto wa namna hiyo akiishi Kangemi au Kawangware, mzazi asidanganywe na asubuhi ya baridi. Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, na kukaa kivulini tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa au kumi mchana, ni mambo ya Julai kama yalivyo ya Februari. Walimu wapangao michezo na gwaride la adhuhuri wafaa kukumbuka hayo pia.

Yako mambo ambayo mstari huyaamua barabara, na la kwanza ni urefu wa mchana. Nairobi tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote haizidi dakika kumi. London mchana wa Juni hupita saa 16 na nusu, na wa Desemba haufiki saa 8. Hii ndiyo siri ya hesabu ya saa za Kiswahili. Mtu wa nchi hizi husema saa moja kwa kuwa saa moja imepita tangu mapambazuko, na saa sita kwa kuwa mchana umefika nusu, na hesabu hiyo humfaa Januari na Julai sawasawa. Mwingereza akijaribu kuhesabu namna hiyo kwao, saa yake itamkosesha kazi. Ila mwenye kuangalia sana ataona kwamba Nairobi jua huchelewa kidogo: hutoka baada ya saa kumi na mbili kwa dakika kumi hata arobaini na zaidi, na hufika juu kabisa karibu na saa sita na nusu. Sababu ni kwamba saa ya Afrika ya Mashariki hufuata mstari wa digrii 45 mashariki, nao haupiti Kenya hata kidogo, bali Somalia, karibu na Mogadishu.

Jambo la pili ni mvua. Mahali jua lilipo utosini ardhi hupata moto, hewa hupanda, na pepo za kaskazini na za kusini hukutana, na hapo mawingu ya mvua hufanyika. Mkanda huo wa mvua hulifuata jua kwa kuchelewa majuma kadhaa. Kwa kuwa jua huvuka Ikweta mara mbili kila mwaka, mkanda hupita Nairobi mara mbili: ukienda kaskazini huleta masika ya Machi mpaka Mei, na ukirudi kusini huleta vuli ya Oktoba mpaka Desemba. Ndiyo maana mkulima wa Dagoretti na Kikuyu hupanda mahindi na maharagwe mara mbili, na mkulima wa Songea, aliye mbali zaidi kusini, hutegemea msimu mmoja mrefu. Hata hivyo mstari hautoi ahadi. Mbandaka, katika Kongo, iko karibu juu ya Ikweta, nayo imezungukwa na misitu na hupata mvua karibu mwaka mzima. Garissa haifiki nusu digrii kutoka kwenye mstari ule ule, nayo ni nchi kame. Toka mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha kaskazini na mashariki ya Kenya, na mifugo mingi ikafa. Kisha masika ya 2024 yalileta mafuriko Nairobi yaliyoua watu na kuvunja nyumba za waliokaa kando ya mito. Mambo kama hayo hutoka katika joto la bahari kuu, ya Hindi na ya Pasifiki, na kwa hiyo mkulima hana budi kusikiliza utabiri wa msimu badala ya kutazama kalenda tu.

Wajenzi nao wana sehemu yao. Vitabu vya ujenzi vya Ulaya humwambia mtu aelekeze madirisha kusini ili apate jua. Katika Nairobi ushauri huo ni nusu ya kweli, maana jua la adhuhuri huwa upande wa kusini katika Desemba na upande wa kaskazini katika Juni. Kuta zinazopigwa na jua la chini, asubuhi na jioni, ni za mashariki na magharibi. Kwa hiyo nyumba ndefu iliyolala mashariki kwa magharibi, yenye madirisha makubwa kaskazini na kusini, hukaa vizuri zaidi. Waweza kuona nyumba za ghorofa za Kileleshwa ambazo vioo vyake vyatazama magharibi, na mapazia yake yamefungwa kila alasiri.

Neno moja juu ya maji. Huko Nanyuki, na vile vile Kayabwe katika Uganda, wageni huonyeshwa beseni lenye tundu na kijiti kieleacho. Hatua chache kaskazini ya kibao maji huzunguka upande mmoja, hatua chache kusini huzunguka upande wa pili, na katikati hushuka bila kuzunguka. Mchezo huo wapendeza, na anayeuonyesha ana haki ya kulipwa kwa ustadi wake, kwa maana ni ustadi wa mkono: maji hufuata namna yalivyomiminwa na beseni lilivyogeuzwa. Nguvu ya mzunguko wa dunia ni ya kweli, lakini karibu na Ikweta hufifia hata si kitu, na katika beseni haionekani kamwe. Huonekana katika pepo kubwa. Vimbunga huhitaji nguvu hiyo ili vizunguke, na ndani ya digrii tano hivi za mstari havifanyiki ila kwa nadra sana. Beira, iliyo karibu digrii 20 kusini, iliharibiwa na kimbunga Idai Machi 2019. Lindi, katika digrii 10, ilipigwa na kimbunga mwaka 1952. Mtu wa Nairobi ana taabu nyingine, lakini hiyo hana.

Mwenye kutaka kuthibitisha mahali jiji lilipo bila ramani aweza kufanya hivyo kwa kijiti. Akisimamishe wima mahali tambarare, uani pake au katika uwanja wa shule, tarehe 17 Machi au siku moja kabla au baada yake, na kukitazama tangu saa sita na nusu. Karibu na saa sita na dakika arobaini kivuli kitakwisha kabisa chini ya kijiti. Tarehe 26 Septemba itakuwa hivyo hivyo, ila mapema kidogo, karibu na saa sita na dakika ishirini na tano. Ndugu yake aliye Mombasa ataona jambo hilo yapata tarehe 10 Machi, na rafiki aliye Nanyuki tarehe 20 au 21. Wakiandikiana siku walizoona, watakuwa wamepima wenyewe umbali wa kila mji na Ikweta.